Bihogo Hakohoi Tena

Sehemu ya saba

Kwa aliyekosa gazeti la Ijumaa iliyopita nitasema kwa kifupi, maana mwenyewe sina raha ya kurudia.

Naitwa Rugamba. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Kigali nikiwa kijana. Nilikuwa dereva wa ofisi moja pale Kacyiru mpaka ofisi ikafungwa, nikabaki na leseni mfukoni. Nyumbani tulikuwa na Land Cruiser kuukuu ya marehemu baba mkwe wangu, mzee Jean-Berchmans. Nikaamua kuifufua kidogo kidogo, kwa vipuri vya mtumba, niwe nawabeba wapimaji wa ardhi huko milimani.

Injini yake ilikuwa inatoa moshi mpaka majirani wanaanua nguo. Fundi wangu wa Gatsata akanishauri tuitoe, tuweke nyingine iliyotumika kutoka Kampala, ile ya mzee tuiuze tupate springi na shokapu. Nikakubali. Sikumwambia mke wangu.

Wiki jana tuliishia gereji, mimi niko chini ya gari nakaza bolti ya mwisho, simu ikalia. Mama mkwe anakuja.

Sasa lazima niwaambie lile gari ni nini, la sivyo mtaniona mtu mzima ninayetetemeka kwa ajili ya chuma.

Nilipooa nilitoa ng'ombe, kama kila mtu. Kwetu Rwanda, ng'ombe yule akizaa, wazazi wa mke huwarudishia nyinyi ndama. Ndama huyo anaitwa indongoranyo. Wakwe zangu walikuwa watu wa mjini Huye, hawana zizi wala majani. Siku ya kutukabidhi ndama wetu, mzee alisimama mbele ya wageni akasema, "Indongoranyo yenu ni hii gari." Kwa kuwa rangi yake ni nyekundu iliyoiva, akaliita Bihogo, jina la ng'ombe wa rangi hiyo, akalisifu kwa maneno marefu mpaka wazee wakapiga makofi. Akaomba kitu kimoja tu, aendelee kuliendesha mpaka Mungu atakapomwita. Mungu alimwita miaka mitatu iliyopita, ndipo Bihogo akaja kwangu.

Ng'ombe wa namna hiyo humuuzi kabla hujaenda kwa aliyekupa ukamwambia. Huuzi hata pembe yake. Mimi nimeuza moyo.

Na Gahongayire, mke wangu, alinionya siku ya kwanza niliposhika spana. "Papa Mahoro, tengeneza unavyotaka. Ila ukiuza kitu cha baba kwa siri, nitapanda Bihogo nirudi kwa mama Huye. Wewe utabaki na nyumba." Mahoro ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Gahongayire hanaga maneno ya kutishia bure. Akisema atashona gauni Jumatano, Jumatano gauni linavaliwa.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikatoa Bihogo gereji na kwenda moja kwa moja kituo cha mabasi cha Nyabugogo kumpokea mama mkwe.

Mama Mukandekezi ni mwanamke mdogo wa mwili, alikulia Bujumbura, anasali kila siku. Ana mkoba mweusi wenye kishikizo cha shaba ambao sijawahi kuuona ukitoka mapajani mwake. Alikuwa amekuja kwa ajili ya misa ya Jumapili ya kumwombea mzee.

"Mukwe wangu, umekonda."

"Kazi, Mama."

Alizunguka gari, akapitisha kiganja ubavuni, polepole. "Bihogo wangu. Wamekupaka rangi mupya."

Nikamfungulia mlango, nikakaa kwenye usukani. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili angelikumbuka mapema.

Injini ya mzee ilikuwa na kikohozi. Ukiwasha, ilikohoa mara tatu, ikatikisa gari zima, ndipo ikashika. Familia nzima ilijua kukiigiza. Harusini shemeji zangu walikiigiza kwenye kipaza sauti.

Nikazungusha ufunguo. Injini ya Kampala ikashika papo hapo, laini.

Mama Mukandekezi akageuza shingo. "Haikohoi."

"Imepona, Mama. Fundi amesafisha nozeli, amebadilisha chujio, amekaza..."

"Miaka makumi mbili na sita iko inakohoa. Mzee alijaribu yote. Leo imepona?"

"Mafundi wa siku hizi, Mama."

Tukaanza kupanda Muhima. Mimi nikiogopa huwa naongea. Nikamweleza springi. Nikamweleza shokapu, jinsi sasa tukipita kwenye shimo mtu hamwagi chai. Nikamweleza kutu tulivyoikata chini ya milango na kuchomea bati jipya. Nilimweleza hata bei ya bolti. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, na hakuwa ananisikiliza mimi.

"Simama," akasema.

"Mama, hapa polisi hawaruhusu."

"Basi simama pale mbele."

Nikaingia kituo cha mafuta. Akaweka mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Rugamba. Ile medali ya Bikira Mariya, Mzee aliifunga kwa moteri na waya ya shaba. Iko bado?"

Nawaapia, sikuwahi kuiona medali yoyote kwenye injini ile. Miaka mitatu nafungua boneti ile, nimeona mafuta, nimeona panya, mara moja nimeona soksi. Medali sijaona. Lakini mtu mwenye hatia hana muda wa kukumbuka.

"Iko, Mama."

"Nioneshe."

Mdomo wangu ulinitangulia. "Yaani, iko kwa fundi. Aliitoa wakati wa kuosha injini, isije ikaharibika. Ameihifadhi vizuri kabisa."

Aliniangalia muda mrefu mpaka mhudumu wa kituo akaja kuuliza tunataka lita ngapi.

"Ameihifadhi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi uniletee jioni. Dimanche, baada ya misa, padri atabariki gari. Nataka irudi mahali yake."

Tunakaa Gisimenti, nyuma ya mabaa, chumba cha mbele Gahongayire amekifanya cha kushonea. Nilipofika getini sikuzima injini, nikamwingiza Mama sebuleni, akapewa chai. Nilisema nina haraka, lakini ukweli nilikuwa naogopa kuizima halafu niiwashe mke wangu akisikia.

"Papa Mahoro, hukai hata kidogo? Chai iko tayari."

"Fundi ananingoja."

"Fundi tena? Si gari limeshatoka?"

"Mwache aende," akasema Mama Mukandekezi. "Kuna kitu ya baba yako anaenda kuleta."

"Kitu gani, Mama?"

Mama mkwe akakoroga chai yake. "Atakuja nayo."

Nilishuka Gatsata kwa mwendo ambao sitautaja hapa kwa sababu polisi nao wanasoma gazeti. Aimable, fundi wangu, alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaipiga teke.

"Toka huko! Ulipotoa injini ya mzee uliona medali?"

Akajivuta nje, uso umejaa grisi. "Medari gani, bosi?"

"Ya Bikira Maria! Imefungwa na waya wa shaba!"

"Bosi, mimi niko murokore. Medari ya Bikira kama ningeiona ningepiga kerere. Hakukuwa na kitu, ni vumbi na mafuta tu."

"Ulitazama vizuri?"

"Moteri niriibeba kwa kifua yangu. Niriitazama kuriko mke wangu."

"Sasa hiyo injini uliipeleka wapi?"

"Kwa Swafiya, Muhima. Twende?"

"Baki hapa. Wewe umeshanisaidia vya kutosha."

Swafiya ni mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali. Anauza injini kuukuu nyuma ya maduka ya Muhima, hina vidoleni, mafuta kwenye kucha. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliponiona tu akaanza kucheka.

"Mwenye injini ya kikohozi! Umekuja kuitakia afya?"

"Dada, niambie uliiuza kwa nani."

"Imeshafika Bugarama, ndugu yangu. Inasaga mahindi."

Bugarama ni kule mwisho wa nchi, unavuka Huye, unavuka msitu wote wa Nyungwe, unateremka mpaka kwenye joto. Nikakaa juu ya gia boksi la mtu. Nikainuka. Nikakaa tena.

"Tulia, unanitia kizunguzungu," akasema Swafiya. "Nampigia mwenye mashine sasa hivi. Anaitwa Ismaël, ni mtu wa maana."

Akaweka simu kwenye spika. Nikaeleza habari ya medali. Yule Ismaël akaniambia nisubiri aangalie, nikasikia ndala zake zikienda, zikirudi.

"Hakuna medali, mzee wangu. Niliisugua yote kwa dizeli kabla ya kuipaka rangi. Hata kipande cha waya sikuona."

"Angalia upande wa chini."

"Nimeangalia juu, chini na ubavuni. Wateja wamejaa hapa na ndoo zao, niruhusu niwashe."

Akawasha.

Ikakohoa. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kwa kuvuta, kama mzee mwenyewe alivyokuwa anasafisha koo kabla ya kusali. Halafu ikashika, ikaanza kusaga, na watu wakawa wanapiga kelele za furaha.

Sijui machozi yalitoka wapi. Nilikuwa nimesimama kati ya injini thelathini za watu, nalia kwa ajili ya moja iliyoko Bugarama. Nilimwona mzee waziwazi, kofia yake, mkono wake juu ya usukani. Niliona aibu kubwa.

Swafiya aliacha kucheka. Akamwuliza Ismaël kama anaweza kuirudisha.

"Nileteeni nyingine inayoweza kusaga, chukueni yenu," Ismaël akajibu. "Mimi sina mapenzi na kikohozi. Lakini Jumamosi asubuhi mafundi wanamwaga saruji, naifunga sakafuni. Ikishafungwa msinipigie tena."

Simu ikakatwa.

"Umesikia?" akasema Swafiya. "Leo Alhamisi. Ninayo injini hapa ya kumpa, tutaelewana. Nenda nyumbani, kaa mbele ya mama mkwe wako, mwambie: Mama, nimeuza. Kesho alfajiri unaondoka, Jumamosi unarudi nayo. Atakasirika, atanuna, yataisha."

"Na mke wangu?"

"Mke wako atakasirika zaidi. Nayo yataisha."

Alikuwa sahihi kabisa. Naandika haya nikijua alikuwa sahihi, na hata pale pale, nimesimama, nilijua. Njia ilikuwa wazi na fupi, yenye aibu ya siku mbili tu.

Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kununua medali.

Duka la vitu vya kanisa lilikuwa hatua chache kupanda mlima. Mama muuzaji akanitolea kisahani kizima.

"Ni ya ubatizo au ya kipaimara?"

"Ya injini."

Akanitazama, akajisogeza nyuma kidogo. Nikachagua ndogo, ya mviringo, Bikira amefungua mikono.

Nikarudi Gatsata nayo. Niliisugua kwa msasa. Niliichovya kwenye oili chafu, nikaishika kwa koleo juu ya moto mpaka ikawa nyeusi, nikaichovya tena. Nikavunja altaneta mbovu nikatoa waya wa shaba, nikaukunja, nikaukunjua, nikaukanyaga. Nilifanya kazi ile saa mbili nzima bila kuinua kichwa. Jua lilikuwa linashuka nilipomaliza, na kwa kweli ilipendeza. Ungedhani imekaa kwenye moshi miaka ishirini na sita.

Aimable alikuwa amekuja kusimama pembeni, anafuta mikono kwa tambara.

"Bosi," akasema, "kama ungefanya kazi hivi kwa ire moteri ya mzee, ingepona."

Nikaifunga medali kwenye kitambaa, nikapanda gari.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa sebuleni kwetu. Gahongayire alikuwa kwenye cherehani, mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Mama Mukandekezi alikaa pale pale nilipomwacha, mkoba mapajani. Nikampa kile kifurushi kwa mikono miwili, nimeinama, kama mkwe mwema.

Akafungua kitambaa. Akaigeuza medali. Akainusa. Akapitisha kidole gumba juu ya uso wa Bikira.

"Fundi aliitoa juu ya moteri?"

"Kwa mikono yake, Mama."

"Na waya ni ile ile?"

"Ile ile."

"Na moteri ni ile ile?"

Cherehani ikanyamaza. Sikugeuka, lakini nilijua Gahongayire ameinua uso.

Nafasi ilikuwa hiyo. Bado nilikuwa naweza. Alfajiri, Bugarama, Jumamosi, yote yalinipita kichwani kwa pamoja.

"Ile ile, Mama."

Mama Mukandekezi akabonyeza kishikizo cha shaba. Akatoa leso nyeupe, akaikunjua polepole, akaweka kitu mezani kando ya medali yangu. Ilikuwa medali nyingine, imejikunja, imeliwa upande mmoja, na kipande cha waya kimeshikilia bado.

"Hii niliitoa mimi," akasema. "Asubuhi ya kumuzika Mzee. Nilikata waya na makasi ya jikoni. Nilitaka kuiweka ndani ya sanduku yake, roho ikakataa. Tangu siku ile iko kwa mkoba wangu."

Zilikaa pale mezani, mbili. Yangu ilikuwa imechakaa vizuri zaidi.

"Asubuhi nilisikia haikohoi," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nikasema, pengine moteri ilikufa, mukwe wangu anaona haya kuniambia. Moteri inaweza kufa, hata Mzee alikufa. Nikakupa njia ya kuniambia. Ungesema tu, Mama, sijaona medali."

"Mama, nisamehe."

"Moteri iko wapi?"

Nikasema yote. Gatsata, Swafiya, Ismaël, mahindi, saruji ya Jumamosi. Niliyasema nikitazama sakafu, haraka haraka, maneno yanagongana. Nilipomaliza, mbele yangu kulikuwa na viatu vya Gahongayire.

"Papa Mahoro. Nipe ufunguo."

"Mama Mahoro, nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza. Ufunguo."

Nikampa. Hakulia, hakunitukana. Ningeomba anitukane. Akachukua leseni yake kwenye droo ya cherehani, akatoka uani. Kuendesha alifundishwa na baba yake, katika gari lile lile.

Nikamsikia akifunga mlango wa gari. Akawasha.

Bihogo akashika papo hapo, laini.

Akazima. Akawasha tena, ikashika tena, akazima. Mara ya tatu aliuzungusha ufunguo polepole sana, kama mtu anayempa mwenzake muda wa kujibu. Ikashika. Ndipo nikaona kupitia dirishani ameweka paji la uso juu ya usukani.

Mama Mukandekezi akainuka. Akakunja medali yake ndani ya leso, akaifungia mkobani. Yangu akaiacha mezani. Akapita karibu nami bila kunigusa, akatoka, akapanda upande wa pili.

Nilikimbia mpaka getini. "Mnakwenda wapi?"

Gahongayire hakushusha kioo. Taa za nyuma zikawaka, gari likatoka, likashika njia ya kuteremka Nyabugogo.

Nikampigia. Simu ikalia ndani ya nyumba, juu ya cherehani.

Nimerudi nimekaa. Nimeinuka. Nimekwenda getini mara sita. Anayekwenda Huye kurudi kwa mama yake anapita Nyabugogo, anavuka mto, anapita Muhanga. Anayekwenda Bugarama kumrudishia Bihogo moyo wake anapita hapo hapo. Barabara ni moja mpaka Huye, ndipo mmoja anakata kona kwenda nyumbani na mwingine anaendelea msituni.

Hawajafika hata Muhanga bado.